Nani anaikumbuka Doudou na Mama Wakwe Zake ya TBC? Nimeirudia nikiwa mke wa mtu

#1 – Mleta uzi

Wakuu salaam. Huu uzi ni mrefu, mnivumilie. Wiki nzima nimebeba kitu kifuani na nyumbani sina wa kumweleza akanielewa.

Mwishoni mwa 2011 nilikuwa darasa la nne, Morogoro, Kihonda. TV yetu ilikuwa ya chogo, inchi 14, na antena imefungwa juu ya mlingoti nyuma ya jiko. Upepo ukivuma picha inajaa chenga, mdogo wangu anatumwa nje kuzungusha mlingoti, sisi ndani tunapiga kelele: "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Ndio ule mwaka wa mgao mkali wa umeme, mabwawa yamekauka, unaweza kukaa jioni nzima gizani. Sasa katikati ya hali hiyo, Novemba, TBC wakaanza kurusha tamthilia ya Kichina, sehemu 36, na Wachina wote mle ndani wanaongea Kiswahili.

Kwa mtoto wa leo hilo halina ajabu, maana amekuta ving'amuzi vimejaa Wafilipino na Waturuki wanaozungumza kama majirani zake. Sisi tulikuwa tumezoea tamthilia za nje kuja kwa Kiingereza. Isidingo pale ITV watu waliifuatilia miaka na miaka, lakini nyumbani kwetu wengi tuliitazama kwa macho tu, masikio hayakuwa na kazi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa amekuja kutoka Ifakara kutibiwa macho, akakaa kwetu miezi kadhaa. Shule hakuwahi kwenda. Kila ikiwekwa picha ya Kizungu alikuwa anauliza, "Anasemaje huyo?" Unamjibu. Dakika haijapita: "Na huyu mwingine, anasemaje?" Tulikuwa tunachoka, Mungu anisamehe.

Doudou ilipoanza, bibi hakuuliza tena.

Kwa waliosahau: Mao Doudou ni muuguzi, umri umemwendea kidogo, ndugu wanamhangaikia apate mume. Anakutanishwa na Yu Wei, mpiga picha wa studio. Wanapendana, wanaoana. Tatizo ni kwamba wazazi wa Yu Wei walishaachana na baba mtu akaoa mke mwingine, kwa hiyo Doudou anajikuta na mama wakwe wawili. Mama mzazi bado ana kidonda cha kuachwa. Mama wa kambo naye anataka apewe heshima yake, kwa kuwa ndiye mke wa baba mwenye nyumba. Ukimsalimia huyu vizuri, yule anahesabu. Juu ya hapo, yupo Pan Meili anayekuja kuolewa na Mao Feng, ndugu yake Doudou wa kiume. Hebu fikiria meza ya chakula ya familia hiyo.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunakaa, maana picha hiyo ndiyo imenirudia. Bibi hakupenda kochi. Alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, anachambua mchele aliokuja nao mwenyewe kutoka kwao. Mama ni fundi cherehani. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, nguo ya mteja magotini, anakunja pindo kwa mkono. Kati yao sisi watoto. Yaani mama mkwe na mke wa mwanawe wako sebule moja, wanatazama tamthilia ya mama mkwe na mke wa mwanawe. Mimi wakati ule sikuliona hilo kabisa. Niliona Wachina.

Kuna jioni moja sijawahi kuisahau na sijawahi kuielewa. Kwenye TV alikuwepo yule mama wa kambo. Bibi akaacha kuchambua mchele. Mkono wake ulibaki juu ya ungo, kidole kimoja kimeshika chuya, hakiitupi. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Kile kitenge ungekishona tu."

Mama alijichoma sindano. Nilimwona akiweka kidole mdomoni. Hakujibu. Bibi akaitupa ile chuya, akaendelea na mchele wake.

Nimeolewa mwaka jana. Wiki iliyopita, niko kwangu, mume yuko safarini, nikaikumbuka ile tamthilia ghafla, nikaanza kuitafuta mtandaoni. Ya Kiswahili nilipata vipande vipande tu. Yenyewe kamili nikaipata kwa Kichina, na maandishi ya Kiingereza chini. Nikabonyeza.

Wakuu, Doudou alipofungua mdomo nilishtuka. Ile sauti sikuijua. Miaka 14 Doudou kichwani mwangu ana sauti yake, nzito kidogo, anazungumza Kiswahili kilichonyooka, na mimi nilikuwa naamini ndiyo sauti ya yule mwanamke. Hapa nikakutana na mtu mwingine mwenye uso wake. Nikaizima. Nilijisikia kama niliyekwenda kumtembelea ndugu nikakuta nyumba imeuzwa.

Kesho yake nikairudia, na nimefika sehemu ya 20. Mengine nitaeleza, lakini kwanza nauliza: ni nani humu aliitazama? Mnakumbuka nini?

#2

Aisee umenipeleka mbali sana. Sisi tulikuwa Dar, Tandika. Kwetu TV ilikuwa ya baba mwenye nyumba, anaitoa kibarazani, wapangaji wote tunakaa uani. Ninachokumbuka zaidi ni ule usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar. TV ikabaki chenga tupu. Baba mwenye nyumba hakununua king'amuzi hadi karibu Pasaka, na ule uwanja wa kibarazani haukurudi tena. Watu walipoanza kununua ving'amuzi, kila mmoja alikuwa ndani kwake.

#3

Salamu kutoka Nakuru. Huku Kenya sisi tuliiona KBC. Nataka kukuambia kitu kuhusu hiyo sauti unayoitafuta: walioingiza sauti ni waigizaji wa Kenya. Radio China Kimataifa ndio walioitafsiri, wakachukua waigizaji kutoka huku kwetu. Kwa hivyo huyo Doudou wako wa Morogoro ni dada wa Kenya. Nilikuwa kidato cha pili, na mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tuitazame kisha tuandike insha juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kazi ya runinga ya nyumbani ambayo mwalimu mwenyewe ameiagiza. Nyumbani mamangu aliketi nasi hadi mwisho, na mamangu si mtu wa kuketi.

#4

Mimi ni wa Tanga. Hilo jina la tamthilia lilituletea mjadala mkubwa nyumbani. Marehemu babu alikuwa hapendi "mama wakwe". Alisema Kiswahili kina neno lake, mavyaa. Baba wa mume ni bavyaa, na mke wa mwanao ni mkaza mwana, wengine wakifupisha mkamwana. Alikuwa anatwambia, "Lugha yenye neno la kila mtu mle ndani ya nyumba, nyinyi mnaitafutia maneno mengine ya nini?" Lakini aliitazama kila jioni. Alikuwa upande wa yule mama mzazi, na ukimtetea mama wa kambo mbele yake anakutoa barazani.

#5

Namuunga mkono babu wa hapo juu, tena kuna ushahidi. Nimesoma Wuhan miaka mitano. Jina la tamthilia hii kwa Kichina, ukilitafsiri neno kwa neno, ni karibu kabisa na "Enzi Njema za Mkamwana". Sisi tuliotafsiriwa tukapewa jina linalowaangalia mama wakwe, wao wenyewe walilenga mkamwana.

Na majina ya watu mle ndani yana utamu ambao tafsiri haikuweza kuubeba. Jina Mao Doudou, Mchina akilisikia anafikiria maodou, yaani soya changa inayochemshwa na maganda yake, ikatiwa chumvi, watu wanakaa nje jioni za joto wanamenya na kula taratibu. Yu Wei ukilisikia ni kama "ladha inayobaki mdomoni" baada ya kumeza. Mao Feng ni jina la majani ya chai, chai maarufu sana ya milima ya Huangshan. Na Meili ni "mrembo". Kwa hiyo Mchina anayeitazama anasikia meza nzima ya jioni: kitafunio, chai, na ladha iliyobaki. Mwandishi wake, Wang Liping, alijua anachofanya.

Tena usiiogope sauti halisi, dada. Aliyeigiza Doudou ni Hai Qing, na kwa kazi hii alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tuzo za Magnolia, tamasha la televisheni la Shanghai, 2010. Huang Haibo aliyeigiza Yu Wei akachukua ya kiume mwaka huo huo. Msikilize vizuri anapozungumza na mama mkwe, anashusha sauti mwishoni mwa sentensi. Mpe muda utampenda.

#6

Mimi nitasema tofauti na naomba nisieleweke vibaya. Ile kazi ilikuja kwa makusudi. Machi 2013 Rais Xi Jinping alipokuja Dar, akahutubia pale ukumbi wa Julius Nyerere, aliitaja tamthilia hii kwa jina ndani ya hotuba yake, kwamba imewafanya Watanzania wajue machungu na matamu ya familia za kawaida za Kichina. Rais wa nchi kubwa hataji tamthilia bure. Wao wanajua thamani ya sebule ya mtu. Swali langu: sisi tamthilia yetu gani imeingizwa sauti za Kichina, ikaoneshwa kule jioni, bibi wa Kichina akaacha kazi yake akatazama? Hilo ndilo linaloniuma, na mleta uzi nakuheshimu sana, ila kumbukumbu zako zimelipiwa na mtu.

#7 – Mleta uzi

Wakuu asanteni. Nimesoma yote. Wa Nakuru, hiyo habari ya Doudou kuwa dada wa Kenya nimemsomea mume wangu kwa simu.

#6, kaka yangu, unayosema ni kweli na sikatai. Idhaa yao ya Kiswahili iko hewani tangu 1961, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru, kwa hiyo hawakuanza jana. Lakini nikuulize na wewe. Wangeweza kutuletea picha za vita, au reli na maghorofa. Wakaleta familia inayogombana. Wakatuonesha mwanamke anayetoka zamu hospitalini amechoka, anafika nyumbani anakuta mama mkwe amenuna. Bibi yangu hakuujua ukuta wa China wala treni zao. Alimjua mama aliyeachwa, kwa sababu mwenyewe anayajua maisha hayo. Aliyelipia alilipia, sawa. Ila ule mkono wa bibi uliosimama juu ya ungo hakuna aliyeulipia.

Kuhusu kazi zetu kwenda kwao, hapo tuko pamoja asilimia mia.

Sasa nieleze nilichokiona safari hii. Nikiwa mdogo nilikuwa wa Doudou mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe akiingia mlangoni namchukia kabla hajakaa. Safari hii nimefika mahali nikajishika nikimwonea huruma yule mama mzazi. Tazameni akiwa peke yake. Mwandishi anampa nafasi ndogo ndogo ambazo hakuna anayemwona: anapanga vitu, anafuta meza ambayo ni safi, anangoja mtoto apige simu. Halafu mtoto akija, badala ya kufurahi analalamika. Nikamkumbuka mama mkwe wangu. Jumapili alinipigia kuuliza mbona tuko kimya. Nilijibu kwa mkato, nikamwambia niko na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama Doudou. Jumatatu nimempigia mwenyewe, tukaongea karibu saa nzima, habari ya mahindi yake tu.

Na Doudou mwenyewe nilikuwa nikimwona mtu mzima sana. Kumbe ananizidi miaka michache tu!

#8

Naingia kwa upande wa sauti, maana nimekulia kwenye mabanda ya video Temeke. Kabla ya Doudou sisi tulikuwa na Lufufu. Wadogo hawamjui. Mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, filamu nzima ya Kihindi au ya Hong Kong anaipitisha kwa Kiswahili. Baba anaongea yeye, binti analia yeye, adui anatisha yeye, na katikati anakueleza mtaa ule unafanana na wapi hapa mjini. Wakenya wana DJ Afro, kazi ile ile. Kule unamsikiliza msimuliaji, na picha inamfuata yeye. Bibi zetu walilelewa na hadithi, kwa hiyo Lufufu kwao alikuwa mtambaji wa ngano aliyepewa umeme.

Doudou ilileta kitu kingine. Kila mtu alipewa mdomo wake. Mama mzazi ana sauti yake, mama wa kambo yake, wanakatizana, wanapandiana, mmoja ananyamaza na unausikia unyamavu wake. Ndiyo maana mleta uzi ulishtuka. Hukupoteza tafsiri, ulipoteza watu.

Na kazi hiyo sasa imefika kwa vijana wetu. 2016 StarTimes waliendesha shindano la kutafuta vipaji vya kuingiza sauti hapa Tanzania, walioshinda wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo. Sauti nyingi mnazozisikia kwenye tamthilia sasa hivi ni za vijana waliopita njia hizo. Natamani majina yao yawe yanaandikwa makubwa mwishoni mwa kila sehemu, kama ya waigizaji. Mtu anampa mgeni ulimi wake tunamwita "wametafsiri tu".

#9

Uzi mtamu sana huu. Lakini mleta uzi umetuacha njiani: kile kitenge kilikuwa cha nani? Muulize mama angali hai, halafu leta mrejesho. Wengine tulichelewa kuuliza.

#10 – Mleta uzi

Wakuu, nimeleta mrejesho. Nimekaa siku nne nikifikiria kama niandike, mama mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike, mradi nisiweke majina.

Ijumaa nilikwenda Morogoro. Nilimkuta mama yule yule, cherehani ile ile dirishani, nywele tu zimebadilika rangi. Kaka yangu ameoa, anakaa na mkewe nyumba ya uani, kwa hiyo mama sasa naye ni mama mkwe. Jioni nikaunganisha simu kwenye TV, nikamwambia kuna kitu nataka tukitazame. Muziki ulipoanza tu akasema, "Si yule nesi?"

Tatizo likawa lugha. Mama Kiingereza hasomi haraka, na maandishi yanapita. Nikafanya kitu ambacho sikukipanga: nikaanza kusoma kwa sauti. Doudou akisema, nasema. Mama mkwe akisema, nasema. Mwanzoni nilikuwa nasoma kama mtangazaji, mama akanikataza. "Huyo ameudhika, wewe mbona unamsoma kama taarifa ya habari?" Nikajirekebisha. Nikawa nashusha sauti mwishoni mwa sentensi kama alivyosema mdau wa Wuhan. Wifi akaja na beseni la mboga, akakaa mkekani anachambua kisamvu. Tukawa watatu.

Alipotokea yule mama wa kambo, nikasimamisha picha. Nikamuuliza mama, kile kitenge alichosema bibi kilikuwa kitenge gani?

Mama alinyamaza muda. Halafu akauliza, "Wewe ulisikia?"

Ni hivi. Babu yangu alimwacha bibi akiwa na watoto watatu, baba yangu ndiye mdogo kabisa, akaenda Mahenge akaoa mwingine. Yule tulimwita bibi wa Mahenge. Mimi nilimjua kwa kutajwa tajwa tu, nikadhani ni ndugu wa babu. Kumbe mama naye alikuwa na mama wakwe wawili. Jioni zote zile tunaitazama Doudou, mama anaitazama nyumba yake mwenyewe, na bibi vilevile, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nilipozaliwa, bibi wa Mahenge alituma zawadi kwa basi, kwa mkono wa kondakta: kitenge cha yadi sita, cha bluu na njano. Bibi alikuwa hapo hapo nyumbani, amekuja kumlea mama arobaini yake. Mama akaona aibu. Hawezi kukivaa mbele ya aliyeachwa, na hawezi kukirudisha kwa aliyetuma. Akakisukuma ndani kabisa ya droo ya cherehani, chini ya vipande vya nguo na makopo ya vifungo. Alimjibu bibi wa Mahenge kwamba amekipokea, anashukuru, amekishona. Huyo bibi wa Mahenge alifariki akiamini hivyo.

Nikamuuliza, sasa bibi alijuaje? Mama akasema hata yeye hajui. Anadhani alifungua droo siku moja akitafuta uzi mweusi, akakikuta, akaelewa, akakirudisha kilivyokuwa. Alikaa nacho rohoni miaka kumi. Mpaka jioni ile, mbele ya mama wa kambo wa Kichina anayezungumza Kiswahili, akasema lile neno moja. Hakulirudia tena. Alirudi Ifakara mwaka uliofuata, na 2019 tukamzika.

"Nilitaka kumjibu," mama akasema. "Nilikuwa natafuta neno. Umeme ukakatika."

Hilo la umeme mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Alivyolitaja ndipo likanirudia: TV inazima, giza, mdogo wangu anapapasa kiberiti, na bibi anaendelea kuchambua mchele kwa vidole gizani, ungo unasikika tu.

Wifi yangu alikuwa ameacha kisamvu. Mama akainuka, akavuta ile droo mpaka ikatoka yote, akaiweka sakafuni. Akatoa makopo ya vifungo, akatoa vipande, akatoa kitenge. Hakijakatwa hata pembe. Kwenye mikunjo rangi imefifia kidogo, ndani ya mikunjo ni mpya kabisa, bluu ile inawaka. Karatasi ya kiwandani bado imebandikwa.

Hakusema anataka kumshonea nani. Alichukua kamba ya kupimia shingoni mwake, akanigeuza kwa mkono, akanipima mabega, akapima na kifua, akaandika namba kwa chaki pembeni ya meza. Kisha akamwita wifi asimame, akampima na yeye. Akazilinganisha zile namba, akakunja kitenge, akakaa nacho mapajani kwenye kile kiti cha dirishani.

"Haya, washa," akasema. "Anasemaje huyo?"